Mguu Aliouacha Plasta

Mkuu wa karakana alikuja nyumbani kwetu siku ya Jumapili, tukiwa tumetoka ibadani na hatujabadilisha hata nguo. Mama alimpa kiti, akasema hapana, amepita mara moja tu, halafu akakaa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, lakini mikono ilikuwa ile ile ya siku zote, yenye unga mweupe kwenye mikunjo ya vidole. Nadhani sabuni ilishaukatia tamaa.

Alichokuja kusema kilikuwa kifupi. Ticha, yule mwalimu wa shule ya msingi ambaye mdogo wangu alimtengenezea mguu wa bandia, amepata kidonda kwenye kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki. Kigutu hupungua kadiri muda unavyokwenda, na cha Ticha kimepungua hadi mguu unacheza na kumsugua. Daktari amemwambia bila kumficha kwamba akiendelea kuuvaa, kidonda kitapanda, na kwa mtu mwenye kisukari kidonda kikipanda kinaweza kuondoka na goti. Goti likienda, habari ya kusimama mbele ya darasa imekwisha. Anahitaji kuuvua, apone, kisha atengenezewe mguu mpya. Na Ticha amekataa.

"Anasema mguu wa Plasta hauachi," mkuu alisema. "Nimeongea naye mpaka mate yamenikauka. Mwanangu, nakuomba uje wewe. Labda atakusikia."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilimsikia akifungua bomba na kuyaacha maji yamwagike bila kuosha chochote.

Plasta ndiye mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mungu alimwita mwaka jana kwa ugonjwa wa figo ambao haukutupa hata nafasi ya kujiandaa. Jina la Plasta hatukumpa sisi. Alilipata karakanani, likamfuata hadi nyumbani, na mwisho hata Mama, ambaye mwanzoni alilichukia, akawa akilitumia anapokuwa na furaha.

Yeye mwenyewe alitaka kuwa muuguzi. Chuo kikampeleka kwenye masomo ya kutengeneza viungo vya bandia, akalia, akafunga mabegi, akaenda. Likizo ndefu ya kwanza wanafunzi walitawanywa kwenda kufanya mazoezi ya kazi, naye akaangukia karakana ya hospitali ya hapa kwetu, ile iliyo nyuma, mlango wa pili kutoka kwa dobi. Alikwenda na koti jeupe jipya na kalamu tatu mfukoni. Jioni alirudi kanuna.

"Wananiita Chuo," akaniambia. "Chuo, fagia. Chuo, lete maji. Kwani mimi sina jina?"

Baadaye nilijua kwamba pale kila mwanafunzi wa mazoezi huitwa Chuo, wawe wawili au wanne, na anayeitwa anajijua kwa sauti ya anayeita. Mkuu alikuwa na kanuni kwamba mtu hapewi mguu wa kutengeneza mpaka awe amekoroga plasta ya kutosha kujua kwa mkono, bila kuangalia saa, ni lini inaanza kushika. Mdogo wangu alijiona amesoma mambo makubwa kuliko kukoroga ndoo. Siku moja, kwa haraka zake, akavuta ndoo iliyokuwa kwenye rafu ya juu. Alifika nyumbani nywele zimekuwa jiwe. Mama alimkalisha uani na mafuta na kitana cha meno makubwa, akawa anamvunja vipande huku anacheka mpaka machozi, na yule binti anapiga kelele kwamba anauawa. Kesho yake karakanani hakuitwa tena Chuo.

Basi polepole alianza kuipenda ile kazi, na sisi nyumbani tukaanza kuteseka. Mimi nashona nguo, nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha mbele. Alikuwa akija nimekaa kazini, anapiga magoti, anashika mguu wangu na kutafuta mfupa chini ya goti kwa vidole gumba.

"Dada, usikaze."

"Sikazi."

"Unakaza kama umekamatwa na polisi. Legeza. Hapa kuna nyama, hapa panaweza kubeba uzito. Hapa mfupa uko juu juu, ukipabana mtu hatalala."

Nilimwambia wateja wanatuona. Akasema wateja nao waje awapime.

Mguu wake wa kwanza ulikuwa wa mlinzi mmoja wa benki. Aliutengeneza kwa pembe zote kama zilivyo kitabuni, na ukapendeza. Yule mlinzi alikuja kupimwa akiwa na ndala. Siku ya kuuchukua alikuja na buti zake za kazi, ambazo zina kisigino, akainuka, na mguu ukamsukuma mbele hadi akamwangukia dobi aliyekuwa anapita na kapu la mashuka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile mdogo wangu hakumtazama mtu usoni kabla ya kumtazama viatu. Hata kanisani, watu wamefumba macho kwa maombi, alininong'oneza kwamba mchungaji kisigino chake cha kulia kimelika na ndiyo maana anapanda madhabahuni kwa kuyumba. Nilimfinya. Nikafungua jicho moja kuangalia, na kweli kilikuwa kimelika.

Jambo ambalo mwishowe nilimweleza Ticha lilitokea baadaye, likizo ya mwisho kabla hajamaliza chuo. Yule mlinzi alirudi. Kigutu kilikuwa kimepungua, akapewa mguu mwingine, na ule wa kwanza mkuu akamkabidhi mdogo wangu pamoja na msumeno. Pale karakanani wana desturi hiyo. Mguu ukistaafu, nyayo na bomba la chuma huondolewa vikatumike tena, na ile sehemu ya juu, wanayoiita kikombe kwa sababu ndimo kigutu kinamoingia, hupasuliwa kwa urefu na aliyeitengeneza. Hapasui mtu mwingine. Aliyeutengeneza anatakiwa aone kwa macho yake ndani mlivyokuwa.

Alirudi nyumbani macho yamevimba. Nilidhani ameadhibiwa, nikataka kuvaa viatu niende nikagombane.

"Hapana, dada," alisema. "Nimeupasua mwenyewe. Penye kung'aa ndipo palipokuwa panamsugua. Nilikuwa najua ni mguu mzuri, na kumbe yule baba alikuwa anaumia kila siku na hakusema, kwa sababu aliona nimejitahidi." Akapangusa pua. "Chuoni wametufundisha mguu unavyoanza. Hakuna aliyetufundisha unavyokwisha."

Halafu akaomba chakula, akala sahani mbili. Ndivyo alivyokuwa.

Alipohitimu karakana ilimwajiri. Miongoni mwa watu wake wa mwanzo alikuwa Ticha, ambaye mguu ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya sukari. Shuleni kwake walikuwa wameshamwandalia kazi ya kukaa stoo, kutoa na kupokea vitabu. Ticha alifika karakanani kwa magongo, akakaa kwenye benchi, akamwambia mdogo wangu, "Sikiliza, binti. Mimi sitaki mguu wa kutembelea wagonjwa. Nataka mguu wa ubaoni." Mdogo wangu akamuuliza anavaa viatu gani darasani. Kisha akafunga safari mpaka shuleni kwake, akapima kidato cha saruji kilicho chini ya ubao, akasimama pale akijifanya anaandika juu kabisa, watoto wakimcheka. Akatengeneza mguu. Ticha akarudi darasani, stoo akapewa mtu mwingine.

Kuanzia hapo wakawa kama shangazi na mtoto wa kaka. Waligombana, wakataniana, wakatumiana salamu kupitia kwangu. Siku tulipomzika mdogo wangu Ticha aliletewa kiti na akakikataa. Alisimama juu ya ule mguu tangu wimbo wa kwanza hadi udongo wa mwisho.

Ndiyo maana mkuu alipoomba niende, niligeuka nikatazama kibarazani. Njia ya Ticha kwenda shule inapita mbele ya kibaraza changu. Kila asubuhi nilikuwa nasikia hatua yake kabla sijamwona, moja nzito, moja yenye mlio mkavu wa plastiki, na nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Nguo za mdogo wangu tuligawa. Koti lake jeupe liko kwa Mama, hataki lifuliwe. Vitu hivyo vyote vimetulia. Ule mguu ndio peke yake uliokuwa bado unaamka asubuhi na kwenda kazini. Nilimwomba Mungu anionyeshe la kufanya, lakini nitasema kweli, nilikuwa naomba nusu nusu, nikitumaini atanyamaza.

Mama alirudi kutoka jikoni akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Nenda," aliniambia. "Hatuwezi kumkalisha mtu chini ili sisi tumkumbuke mtoto wetu."

Nilimkuta Ticha karakanani amekaa kwenye benchi lile lile, mguu ameuvua na kuupakata mapajani. Kigutu kilikuwa kimefungwa bandeji. Kando yake alisimama mwanafunzi wa mazoezi, kijana mrefu mwenye koti jipya, hajui aweke wapi mikono.

"Wamekuleta wewe," Ticha alisema. "Wameona nimewashinda wote, sasa wananipiga kwa ndugu wa marehemu."

Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya faraja, hata mstari wa Zaburi nilikuwa nao, na yote yalinitoka. Nikamsimulia habari ya mlinzi. Nilimweleza jinsi mdogo wangu alivyorudi amevimba macho, na alichosema kuhusu yule baba aliyevumilia maumivu ili asimvunje moyo.

"Alilia?" Ticha akauliza.

"Alilia. Halafu akala sahani mbili."

Alicheka, kisha uso ukabadilika, akaugeuza ule mguu na kuufuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Mimi nilidhani namheshimu," alisema.

"Angekugombeza, Ticha. Angekwambia unamfanya aonekane fundi mbaya."

Dobi alipita, akasalimu, akaendelea na kapu lake. Halafu Ticha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa limemkalia rohoni siku zote zile.

"Na huu nani ataupasua? Aliyeutengeneza hayupo. Sitaki upasuliwe na mtu asiyemjua."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilielewa kwamba na yeye jambo hilo lilimshinda, na kwamba Jumapili ile aliposema amepita mara moja tu, hakuwa ameniambia yote.

"Nitaupasua mimi," nikasema.

"Wewe umewahi kushika msumeno?"

"Nimewahi kushika mkasi."

"Haya," Ticha akasema, akanikabidhi mguu, taratibu, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala. Akaomba magongo yake. Alipofika mlangoni akamgeukia yule kijana. "Na wewe Chuo, nikirudi uwe unajua kazi. Mimi si daftari la mazoezi."

Wiki zile alifundisha akiwa amekaa, na hakuacha kulalamika. Alisema kiti kinamfanya asione mistari ya nyuma, na huko nyuma ndiko wanakokula karanga. Asubuhi alipita mbele yangu kwa magongo, na nilishona bila kusimama, maana hakukuwa na cha kusikiliza. Jioni tuliposali mimi na Mama, tulimtaja yeye na kidonda chake kwa pamoja, na safari hii niliomba kwa moyo mzima. Mungu alisikia. Kidonda kilifunga.

Siku ya kupimwa upya aliitwa mapema, nami nikaitwa. Mkuu alikuwa ameamua kwamba kijana ndiye atakayetengeneza mguu mpya, yeye akimsimamia. Niliona Ticha anataka kukataa, akajizuia. Kijana alilowesha bandeji za plasta, akazizungusha kwenye kigutu, akaanza kubonyeza chini ya goti.

"Unabonyeza kama unachagua parachichi sokoni," Ticha alimwambia. "Weka vidole gumba. Mwenzio alikuwa anaweka vidole gumba."

Kijana akaweka vidole gumba. Jasho lilimtoka. Plasta iliposhika akaivua vizuri, akaishika kwa mikono miwili, akashusha pumzi na kutuangalia sote kwa zamu.

"Hujasahau kitu?" Ticha akamuuliza.

Kijana akafikiri. Akaangalia karatasi yake, akaangalia dari.

"Hujaniuliza viatu, baba. Unataka niende shule na ndala?"

Kijana akaomba radhi, akapiga magoti kupima kisigino, na Ticha akampa kiatu huku akijifanya amekasirika. Hakuwa amekasirika. Nilimwona anapangusa jicho kwa kiganja wakati kijana ameinama.

Kisha tukahamia mezani. Kazi ya plasta ilikuwa imekwisha, sasa ilikuwa zamu yangu. Mkuu alikuwa ameshaondoa nyayo na bomba, kikombe peke yake kimebanwa kwenye jiliwa, na kilionekana kidogo kuliko nilivyokizoea. Alinipa msumeno, akaniwekea mkono penye kuanzia. Nikasali moyoni, maneno machache tu, nikavuta. Plastiki ile haina damu, najua, lakini msumeno uliruka mara kwa mara. Kijana akashika upande wa pili ili kisicheze. Hakuna aliyeniharakisha. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua zamani. Nilipofika mwisho, kilifunguka kwa mlio mdogo, vipande viwili vikalala mezani.

Ndani kulikuwa na alama zake. Mafundi huchora kwenye plasta kwa penseli ya zambarau kuonyesha mfupa uko wapi, na plastiki ya moto inapofunikwa juu, ule wino unahamia. Kwa hiyo mlikuwa na duara pembeni, mstari mrefu mbele, na mkunjo mmoja uliofutwa na kuchorwa tena. Alichora kama alivyoandika, kwa kuinamia kulia. Tulikuwa tumemzika na mkono huu, nami sasa nilikuwa nauona.

Mkuu alivaa miwani. Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa mbele, polepole, akakisimamisha mahali palipong'aa kama sahani.

"Hapa alipunguza mno," alisema. "Mfupa wa mbele. Ah, Plasta, Plasta. Huyu mtoto ana haraka na mfupa wa mbele, nimemwambia mara ngapi?"

Alisema vile kama ametoka kidogo kuchota maji na atarudi asikie. Nilishika ukingo wa meza. Tangu msiba watu wote wamekuwa wakituambia alikuwa malaika, alikuwa taa, na sisi tunaitikia na kushukuru, lakini taa siijui, yule wa kwetu alikuwa na haraka. Hakuna mtu aliyekuwa amemgombeza tangu afe.

"Lakini huku nyuma ameweza," mkuu akaendelea, akigeuza kipande cha pili. "Angalia, Chuo. Weka kidole. Hakuna alama hata moja. Hapa mimi mwenyewe huwa nakosea."

Kijana akaweka kidole nyuma, akakiweka mbele, akakirudisha nyuma. Kisha Ticha, kutoka kwenye benchi, akamwambia basi, umeona, sasa wa kwangu usiupunguze hapo mbele, na mkuu akasema usipunguze kabisa, uongeze. Wakaanza kubishana watatu ni kiasi gani kiongezwe, na nikaona hawanihitaji tena. Mkuu aliniuliza kama ningependa vile vipande viende nyumbani. Nikavitazama. Kijana alikuwa bado anavipima.

"Amalize kwanza," nikasema.

Mguu mpya ulipatikana muhula ukiwa haujaisha. Ticha anausema kila siku. Anadai unapiga kelele kwenye saruji, kwamba rangi yake ni ya mtu mwingine, kwamba yule kijana aliupenda mno mfupa wa mbele. Anasimama nao tangu kengele ya kwanza, na karanga haziliwi tena mistari ya nyuma. Hatua yake sasa ina mlio mwingine, na bado sijauzoea.

Lakini siku ile ya msumeno nilirudi nyumbani mchana, nikamkuta Mama amekaa ukumbini na lile koti mapajani. Hakuuliza kama nimelia.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wamesema nyuma ameweza. Mbele alipunguza mno, kwa haraka zake."

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemuumiza, nikataka kuongeza neno. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, kama siku ile ya kitana na mafuta, na machozi yanadondoka juu ya koti, nayo hakuyafuta.

"Nilijua," alisema. "Haraka zile. Tangu tumboni mwangu yule mtoto alikuwa nazo. Hebu kaa hapa uniambie tena, wamesema mfupa gani?"